Utafiti wa mwaka mmoja wa chanjo ya mafua utatudanganya

Nianze na namba tatu maana bila hizo tutabishana hewani tu: 25.6, 41.0 na 74.2. Hizo ni asilimia za kinga waliyopata watoto wa miezi 6 hadi miaka 10 kwa chanjo ya mafua ya sindano, kwenye vijiji vya Ballabgarh huko kaskazini mwa India, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu wa utafiti mmoja. Vijiji vilevile, utaratibu uleule. Sasa chukulia hela ingekata baada ya mwaka wa kwanza, kama tunavyoijua miradi, ripoti ingetoka inasema kati ya watoto wanne ambao wangeugua chanjo imemuokoa mmoja, wakubwa wangesoma kurasa mbili za mwanzo, faili likafungwa, kwisha habari. Na kama wangepima mwaka wa tatu peke yake ripoti ingesema jamani hii ndo yenyewe, nunueni. Ripoti zote mbili zingekuwa za kweli na zote mbili zingetupoteza.

Naleta haya kwa sababu hoja ya kuja kufanya utafiti wa namna hii huku Nyanda za Juu Kusini haihitaji kubembelezwa. Baridi ipo, watoto wapo, zahanati zipo hata kama nyingine nesi ni mmoja, na Mbeya kuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambacho kazi ya kufuatilia watu nyumba kwa nyumba si ngeni kwao, ule utafiti wao wa EMINI kuanzia 2006 hadi 2011 ulifuata watu karibu 18,000 kwenye maeneo tisa ya mkoa, si mchezo huo. Kwa hiyo mi naunga mkono kabisa ufanyike huku. Ila usiwe wa mwaka mmoja, na hata miwili sikubali. Mitatu ndo pa kuanzia, na mambo mengine yote, vijiji gani vichaguliwe, chanjo itolewe mwezi gani, wale wa upande wa pili, yani vijiji vya kulinganisha visivyopata ya mafua, wapewe nini, yanatokana na hapo.

Kwanza tuelewane, mafua ninayosema hapa sio yale ya kamasi siku mbili mtoto anaendelea kucheza. Ni ya virusi vya influenza, homa inapanda ghafla, mwili wote unauma, mtoto hali, halali, na akiwa mdogo inaweza ikamshukia kifuani ikawa nimonia. Shida ya hivi virusi ni kwamba havikai vilevile. Chanjo ya surua ukiipima leo Makete, ukarudi kuipima miaka kumi mbele, jibu halitakuwa mbali na la leo. Ya mafua kila mwaka ni habari mpya, WHO wanakaa mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya kusini, wanaangalia virusi gani vinazunguka, wanachagua vya kuweka kwenye chanjo, afu viwanda vinachukua kama miezi sita kutengeneza, na huo muda wote kirusi hakijakaa kinasubiri. Kuna mwaka wanalenga, kuna mwaka wanakosa.

Senegal wameyaona haya. Kule Niakhar mwaka 2009 walichukua vijiji 20, kumi watoto wakapewa chanjo ya mafua, kumi wakapewa ya polio ya sindano, na kabla kazi haijaisha ile H1N1 mpya ya 2009, aina nyingine ya kirusi cha influenza, ikaingia, ambayo kwenye chanjo ya msimu haikuwemo. Kwa H3N2, aina ambayo ilikuwemo, chanjo ilifanya kazi kwa zaidi kidogo ya asilimia 40. Afu mwaka 2013 Senegal hiyohiyo wakajaribu ya kupulizia puani, dozi moja, watoto wa miaka miwili hadi mitano, ikatoka sifuri. Sio ndogo, sifuri. Chanjo hiyohiyo kutoka kiwanda kilekile cha India, mwaka huohuo 2013, ikajaribiwa Bangladesh ikatoa asilimia 57 na ushee. Mtu akikwambia "chanjo ya mafua inafanya kazi Afrika" au "haifanyi kazi Afrika" muulize ipi, wapi na mwaka gani, akibabaika achana nae.

Haya, kuna hoja nyingine inapendwa sana na mi mwenyewe naipenda, kwamba ukichanja watoto unakuwa umewakinga na wazee na wachanga nyumbani, kwa sababu watoto ndo wanaoleta mafua ndani. Ushahidi unaotajwa kila mara ni wa Kanada, wale Wakristo wa Kihutterite, jumuiya 46, wakachanja watoto wa miaka mitatu hadi 15, na watu ambao hawakuchanjwa kabisa wakapata kinga ya asilimia 61. Inavutia. Lakini angalia wale watu wanavyoishi, ni ujamaa ule ambao Mwalimu aliuota na sisi ukatushinda, wanalima pamoja, wanakula kwenye ukumbi mmoja, mali ni ya wote, na wako mbali na miji. Na watoto waliochanjwa walifika asilimia 80 na kitu. Ukienda Senegal, kinga kwa wasiochanjwa haikuonekana waziwazi, namba ilikuwa ndogo na ya kuyumba.

Sasa sisi huku tunafanana na nani? Inategemea umesimama wapi. Makambako sio kijiji cha Wahutterite, pale ni njia panda ya Songea, reli ya TAZARA inapita, mabasi ya usiku yanapita, malori ya Zambia na Kongo yanapita, mafua yakianza Dar jioni asubuhi yapo stendi. Ilula na nyanya zao ni hivyohivyo, Uyole, Mbalizi, Tunduma ndo usiseme. Panda sasa kule Makete juu, au vijiji vya ndani Ileje, au makambi ya wachuma chai Mufindi ambako familia zimebanana kwenye nyumba za kampuni, kila sehemu ina namna yake ya kupokea ugonjwa. Ukichagua vijiji vya barabarani tu kwa sababu gari la mradi linafika kirahisi (na ndo tabia, tusidanganyane) utapima kinga mahali ambapo mafua yanaingia upya kila siku, ukimchanja mtoto leo bibi yake kesho anaambukizwa na abiria. Utaandika kwamba kuchanja watoto hakusaidii wengine, wakati kijijini ndani huko pengine kunasaidia sana. Kwa hiyo vijiji vipangwe viwiliviwili, cha lami na cha ndani, afu ipigwe kura ya bahati nasibu kipi kipate chanjo ya mafua, na kijiji kizima kiwe upande mmoja. Ukimchanja mtoto wa nyumba hii ukamuacha wa nyumba ya pili huwezi kuona kinga ya jumla hata ukae miaka kumi, maana wanacheza pamoja, wanalala chumba kimoja wakati wa misiba, wanabadilishana kamasi tu.

Ratiba ndo imenikalisha zaidi. Watu wote wanadhani mafua huku ni Juni, Julai na Agosti kwa sababu ndo baridi, Kitulo kunaganda, Mbeya mjini asubuhi unatoa moshi mdomoni. Inawezekana ni kweli, lakini Senegal mafua yao yanapanda wakati wa mvua na joto, sio baridi, na nchi za ikweta kwa ujumla virusi vinazunguka mwaka mzima na vinaweza kupanda zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kabla sindano ya kwanza haijachomwa, mwaka mzima wa kuchukua sampo puani kwenye zahanati kadhaa, za juu na za bondeni, na huo mwaka usihesabiwe kwenye ile mitatu.

Tuseme sasa imeonekana kweli kilele ni Juni. Hesabu kurudi nyuma. Mtoto wa chini ya miaka 9 ambaye hajawahi kuchanjwa mafua anahitaji dozi mbili, zipishane wiki nne, afu mwili unataka kama wiki mbili kujenga kinga. Maana yake dozi ya kwanza iingie katikati ya Aprili. Aprili huku ni nini? Mvua bado, Rungwe haijawahi kujua kukauka, barabara za Makete ni utelezi, mama yuko shambani. Na chanjo ya toleo la kusini, ambayo virusi vyake vimechaguliwa Septemba, inaanza kutoka viwandani kama Machi hivi, iagizwe, ifike Dar, ipite forodha, ije Mbeya, ishuke wilayani, ndani ya wiki chache. Mtu wa manunuzi akichelewesha saini mwezi mmoja, mwaka mzima wa utafiti umeharibika na kwenye ripoti itaandikwa chanjo imefanya vibaya.

Kuna wanaosema tuiunganishe na matone ya vitamini A, mwezi wa afya na lishe ya mtoto, Juni na Desemba, maana umri ni uleule, miezi 6 hadi 59, na kina mama wameshazoea. Wazo zuri la kubana hela, lakini Juni umechelewa. Labda Desemba, ila hapo unatumia chanjo ya toleo la kaskazini, na mpaka Juni kinga imeshaanza kushuka. Mimi ningependa utafiti wenyewe ulipime hilo, baadhi ya vijiji Desemba, baadhi Aprili, kuliko watu kukaa hoteli moja Dar wakaamua kwa kubahatisha. Ratiba ya kawaida ya kliniki nayo haisaidii, baada ya wiki ya 14 mtoto anarudi kwa chanjo akiwa na miezi 9 kwa surua, afu miezi 18, baada ya hapo kadi inawekwa chini ya godoro. Mafua yanataka arudi kila mwaka. Hii ndo sababu nyingine ya miaka mitatu: mwaka wa kwanza watu wanakuja kwa sababu ni kitu kipya na gari limekuja na spika, mwaka wa tatu ndo unajua nani anakuja kweli.

Afu friji. Kila mtu akisikia chanjo na kijijini anawaza joto, huku kwetu mi nawaza baridi. Chanjo ya mafua inakaa nyuzi 2 hadi 8, ikiganda imekufa hata ukiiyeyusha taratibu, na kwa macho huioni tofauti. Mhudumu anatoka na kibebea chanjo saa kumi na moja alfajiri, ameweka vipande vya barafu vilivyotoka friza moja kwa moja bila kuviacha viyeyuke kidogo, anakaa kwenye boda kwa muda wa saa mbili kwenye umande unaoganda, huyo amebeba maji tu. Vipimajoto viwekwe ndani ya kila kibebea, na data zake zitolewe pamoja na matokeo.

Kuhusu kuhesabu wagonjwa, hapa panahitaji ukali. Mtoto wa huku anakaa jikoni na mama, kuni zinafuka, kikohozi ni sehemu ya maisha. Ukihesabu "homa na kikohozi" bila kupima virusi utachanganya moshi, virusi vingine, bakteria na influenza kwenye kapu moja, na chanjo itaonekana haina maana kwa sababu inazuia kitu kimoja tu humo. Ule utafiti wa homa za watoto uliofanyika Dar na Ifakara mwaka 2008 uliangalia watoto 1,005 wa chini ya miaka 10, malaria ilikuwa kama asilimia 10 tu, zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa na wengi wao ni virusi. Hiyo ni Ifakara kwenye mbu. Huku juu je, ambako malaria ni kidogo, na bado mtoto akichemka mtu anakimbilia duka la dawa muhimu anapewa amoksilini na panado, zahanati haiandiki hata jina lake. Kwa hiyo ukisubiri wagonjwa zahanati utawakosa wengi, lazima wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapite kila wiki nyumba kwa nyumba, walipwe vizuri, sio posho ya soda.

Na kijiti cha puani, hilo mnalijua. Tangu corona watu wana maneno yao na kile kijiti, ukichanganya na maneno ya zamani ya damu zinapelekwa wapi, mradi unaweza kufa kwa uvumi wa wiki moja. Baba anatakiwa aambiwe mapema kabisa, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mbele ya mama wa mtoto, kwamba kijiti kitaingia mara ngapi, sampo inaenda maabara gani, na akisema sitaki mtoto wake ataendelea kutibiwa vilevile. Waeleze kwa lugha ya hapo, Kibena, Kisafwa, Kikinga, kuna bibi zetu Kiswahili cha fomu za ridhaa hakiwaingii hata kidogo, na bibi ndo anabaki na mtoto.

Upande wa pili wapewe nini? Sio maji ya chumvi. Senegal na India walitoa polio ya sindano kwa sababu ilikuwa na faida kwa wale watoto, hapa kwetu haifai kuiga maana imeshaingia ratibani tangu 2018. Ningewaza chanjo ya taifodi, mtoto anachomwa kuanzia miezi 6, dozi moja, na Malawi hapo ng'ambo ya mto Songwe wameianza 2023. Mzazi wa kijiji ambacho hakikupata ya mafua awe amepata kitu cha kushika. Ile ahadi ya kwamba "nyie mtapewa ya mafua utafiti ukiisha" kwa chanjo hii ni ahadi ya ajabu kidogo, maana utakayompa mwishoni inamkinga msimu huo tu.

Najua kuna atakayesema, ndugu yangu, Iringa kwenye takwimu za 2022 udumavu ni asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano, Njombe nusu, wape hao watoto mayai na maharage acha mambo ya mafua. Na atakuwa na hoja. Makadirio ya dunia nzima kwa mwaka 2018 ni hadi watoto 34,800 chini ya miaka mitano waliokufa kwa nimonia na maambukizi ya kifua yanayohusiana na influenza, malaria inaua watoto mara nyingi zaidi ya hapo. Siwezi kusema mafua ni janga namba moja, nikisema hivyo nitakuwa nauza kitu. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa vifo hivyo vilivyotokea hospitalini, zaidi ya asilimia 80 viko kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati-chini kama yetu, na mtoto aliyedumaa mwenye mama anayeishi na VVU, ambao kwenye mikoa yetu hii wapo wengi kuliko sehemu nyingine za nchi, sio mtoto wa Kanada. Utafiti upime urefu na uzito wao, uandike hali ya mama kwa siri inavyotakiwa, ili tujue kinga yao ikoje, kwa sababu hapo ndo jibu la nje haliwezi kutusaidia.

Na wachanga wa chini ya miezi 6 hawachanjwi mafua kabisa, haijaruhusiwa kwa umri huo, na ndo ambao ugonjwa unawakamata vibaya. Njia ya kuwafikia ni mama akiwa mjamzito, Bangladesh walifanya na mama 340 wakatoa matokeo 2008, wachanga wao wakaugua mafua yaliyothibitishwa maabara kwa asilimia 63 pungufu, na WHO tangu 2012 wanawaweka wajawazito mbele. Mjamzito anakuja kliniki mwenyewe, humtafuti. Kusema kweli, hela ikiwa ya kitu kimoja tu, mi ningeanza na hao, na watoto wafuate. Lakini kama utafiti wa vijiji unakuja basi wachanga wahesabiwe nyumba zote, waonekane kama kuchanja kaka zao kumewafaa chochote, kwa sababu hiyo ndo sababu kubwa ya kuingia gharama ya kuchanja kaka mtu aliyeshavuka umri wa hatari.

Hela ya mwaka wa nne sasa. Gavi, ule ushirika wa dunia unaosaidia nchi maskini kupata chanjo, ambao wanatubebea sehemu kubwa ya chanjo za penta, nimonia na rota, ya mafua ya kila msimu kwa watoto hawailipii. Kenya wataalamu wao waliishauri serikali tangu 2016 kuhusu watoto wa miezi 6 hadi 23, wakafanya majaribio Nakuru na Mombasa, na kutoka majaribio kwenda nchi nzima ndo mlima wenyewe. Yani hata utafiti wetu ukitoa jibu zuri kabisa, inawezekana kabisa kijiji kilichotoa watoto wake wachomwe na kuchokonolewa pua miaka mitatu kisione tena hiyo chanjo, na jibu likanufaisha watu wengine wenye bajeti. Kwa hiyo kabla mtoto wa kwanza hajaandikishwa iandikwe kwenye karatasi, na isomwe mkutano wa kijiji: wastani wa miaka mitatu ukivuka kiwango hiki, chanjo itaendelea hapa kwa miaka mingapi, nani ananunua, halmashauri inachangia nini, na usipovuka, friji za sola na vipimajoto vinabaki zahanati au vinapakiwa kwenye gari la mradi. Kama hayo hayamo, mtendaji asigonge muhuri.